Daraja la Leseni na Gari Unaloruhusiwa Kuendesha: Mwongozo Kamili kwa Dereva wa Tanzania Bara

Kijana alifika yadini kwetu kabla ya saa moja asubuhi, shati limenyooshwa, bahasha ya kaki kwapani. Tulikuwa tunatafuta dereva wa tipa la tairi kumi. "Shikamoo baba." "Marahaba, mwanangu. Nipe leseni yako niione." Akaitoa kwenye kimfuko cha plastiki, akanipa kwa mikono miwili. Nikatafuta pale yanapoandikwa madaraja: A1, B. Basi.

Nikamwambia tipa linataka E. Akasema ana leseni mwaka wa sita huu na hajawahi kugonga hata kuku. Nilimwamini. Kabla sijamwambia kitu alikuwa ameshalizunguka gari, anapiga tairi teke, anachungulia bolti. Mtu wa kazi unamjua. Lakini E haiombwi kwa kuwa na leseni muda mrefu. Inaombwa na mtu aliyekaa na daraja D kwa muda usiopungua miaka mitatu, na yeye D hakuwahi kuwa nayo. Siku alipochukua leseni ya kwanza aliambiwa "B inatosha", naye hakuuliza inatosha kwa nini. Miaka sita ya B haikumsogeza hata siku moja kuelekea kwenye lori.

Mimi kazi yangu ni kupokea madereva, na leseni nazisoma kila wiki. Wengi wanaokwama kwangu gari wanalijua vizuri; kinachowakwamisha ni ile herufi. Kwa hiyo naandika haya kwa anayeanza, kwa anayetaka kupanda daraja, na kwa mwenye gari anayekabidhi ufunguo wake kwa mtu mwingine. Ni utaratibu wa Bara. Zanzibar ina sheria yake ya barabarani na mamlaka yake.

Hatua ya kwanza: jiulize mambo matatu kuhusu gari

Usianze na herufi, anza na gari lenyewe. La kwanza, ni la jamii ya pikipiki au ni gari? Leseni ya gari, hata iwe kubwa namna gani, haikupi pikipiki. Dereva wa semitrela aliyezunguka mpaka Lubumbashi, akipanda bodaboda ya mdogo wake kwenda sokoni bila daraja la A, anaendesha bila leseni.

La pili, linabeba abiria kwa malipo? Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu wanaangalia umbo la gari wakati sheria inaangalia kazi yake. Noah ya nyumbani, baba anawapeleka watoto shule na mama kliniki, ni gari la kawaida. Noah ileile ikisimama stendi ikipakia abiria kwa nauli, imekuwa gari la abiria na dereva wake anatakiwa awe na daraja la kundi la C. Injini, usukani na viti ni vilevile. Kilichobadilika ni kwamba mle ndani wamekaa watu waliolipa, na wamekukabidhi roho zao bila kukujua.

La tatu, ni gari zito au jepesi, na kama ni jepesi, ni la matumizi binafsi au la biashara?

Ukishajibu hayo matatu, herufi inajitokeza yenyewe.

Hatua ya pili: soma kadi ya gari

Usikadirie kwa macho. Chukua kadi ya usajili uiweke mezani. Humo kuna ujazo wa injini kwa sisii, uzito wa gari likiwa tupu, uzito likiwa limejaa, idadi ya ekseli, idadi ya viti na aina ya matumizi. Kwa pikipiki angalia sisii. Kwa gari la abiria angalia viti. Kwa gari la mizigo angalia uzito na matumizi. Halafu toka nje uangalie kibao cha namba: njano ni gari binafsi, nyeupe ni la biashara. Ukipewa gari lenye namba nyeupe na leseni yako ni B peke yake, rudisha ufunguo kwanza muongee.

Hatua ya tatu: linganisha na madaraja

Tuanze na kundi la A. Daraja A ni pikipiki yenye injini inayozidi sisii 125 au uzito unaozidi kilo 230, iwe na kigari cha pembeni au isiwe nacho. A1 ni pikipiki iliyo chini ya hapo, isiyo na kigari cha pembeni. A2 ni ya magurudumu matatu au manne, na humo ndimo inamoingia bajaji. A3 ni vipikipiki vidogo visivyozidi sisii 50.

Vijana wa bodaboda, mpaka huo wa 125 uangalieni vizuri. Boxer ya 100 ni A1. Boxer ya 150 inataka A. Zile zinazoitwa "125" nyingi injini yake kamili ni 124 na ushee, kwa hiyo zinabaki A1, lakini thibitisha kwenye kadi, usithibitishe kwenye stika ya tangi. Nimeona kijana ameuza pikipiki yake ndogo, akaongeza pesa akanunua ya 150 aweze kupanda milima ya kwao na mzigo, akasahau kwamba leseni yake imebaki nyuma. Na anayetoka kwenye bodaboda kwenda kwenye bajaji ajue anabadilisha daraja, hata kama abiria wake ni walewale na kijiwe ni kilekile.

B na D zinafanana sana, na ndiyo sababu watu wanazichanganya. B inakuruhusu magari yote isipokuwa pikipiki, magari ya biashara, magari mazito na magari ya abiria. D inakuruhusu magari yote isipokuwa pikipiki, magari mazito na magari ya abiria. Zisome tena taratibu. Tofauti ni neno moja: biashara. Mwenye B anaendesha gari lake, la mkewe, la jirani anayempeleka hospitali. Mwenye D anaendesha hayo yote, na zaidi ya hapo anaweza kuajiriwa kwenye kirikuu cha kusambaza soda, pikapu ya vifaa vya ujenzi, gari dogo la kampuni.

Na kuna faida ya D isiyoonekana siku ya kwanza: ndiyo mlango wa kwenda juu. E inataka miaka mitatu ya D. C2 nayo inataka miaka mitatu ya D. Kwa hiyo ushauri wangu kwa kijana yeyote anayefikiri hata kidogo kwamba siku moja usukani utamlisha ni kwamba achukue D tangu mwanzo. B ni nzuri kwa daktari, mwalimu au mama wa duka ambaye gari kwake ni chombo cha kumfikisha kazini. Kwa anayetafuta kazi ya udereva, B pekee ni miaka inayopotea kimyakimya.

E ni magari yote isipokuwa pikipiki na magari ya abiria. Humu ndimo mnamo lori, tipa, gari la kuchanganya zege, kichwa na tela lake. Kwa kuwa imesema magari yote, mwenye E haombi ruhusa ya kuendesha pikapu. Lakini haendeshi daladala, hata kama daladala ni ndogo mara kumi kuliko lori lake.

Sasa kundi la C, la abiria. Linapangwa kwa idadi ya abiria. C3 ni gari la abiria wanne au pungufu: teksi, na hizi IST za kuitwa kwa simu ambazo dereva akishakaa zinabaki nafasi nne. C2 ni kuanzia abiria wanne bila kuzidi 15, yaani Noah za abiria na Hiace ndogo. C1 ni kuanzia 15 bila kuzidi 30, na hapo ndipo kwenye Kosta nyingi za mjini. C yenyewe, isiyo na namba, ni abiria 30 na kuendelea: basi la mkoani na mabasi makubwa ya mjini.

Unaona namba zinavyokwenda kinyume na watu wanavyodhani? C1 ni kubwa kuliko C3, na C tupu ndiyo kubwa kuliko zote. Nimewahi kuletewa mtu na ndugu yake anasema kwa fahari, "Huyu ana mpaka C3!" Ilibidi nimweleze taratibu kwamba C3 ndiyo ya kuanzia.

Hiace zinahitaji uangalifu wa pekee kwa sababu nyingi ziko mpakani. Moja ina viti 14, nyingine imeongezwa benchi ikafika 16 au zaidi. Ukiwa na C2, kadi ikisoma zaidi ya abiria 15, gari hilo si lako. Na usihesabu viti kwa vile kondakta anavyopakia. Hesabu kwa vilivyoandikwa.

Kosta ya kanisa, basi dogo la shule, gari la kubeba wafanyakazi: hapa watu hubishana kwamba hakuna nauli. Mimi sibishani nao. Wakija kuniomba dereva, nawapa mwenye daraja la C linalolingana na viti vya gari. Watoto 28 wa shule ni watoto 28, awe kuna aliyekata tiketi au hakuna.

Daraja F na G ni za magari na mitambo ya pekee, G ikihusu mashamba na migodi. Anayezihitaji huelekezwa na mwajiri wake. H ni ya anayejifunza, ile tunayoiita lena. Hudumu miezi mitatu, ada yake ni shilingi 10,000, na mwenye nayo haendeshi peke yake.

Hatua ya nne: pima njia ya kupanda

Chukua karatasi uandike tarehe. Tuseme una miaka 18, umepata D leo. Baada ya miaka mitatu unaweza kuomba E au C2. Ukichagua E ukaendesha lori miaka mitatu, mlango wa C unafunguka, kwa sababu C inataka uwe umekaa na C1 au E kwa muda usiopungua miaka mitatu. Kwa hiyo ukienda bila kupoteza siku, utakaa kwenye kiti cha basi kubwa ukiwa na miaka 24. Anayepita njia ya daladala atapanda C2, kisha C1, kisha C.

Miaka hiyo inahesabiwa kuanzia siku daraja lilipoingia kwenye leseni. Haihesabiwi kuanzia siku uliposhika usukani mara ya kwanza kwenye machimbo ya mjomba. Utingo aliyeendesha lori usiku miaka mitano huku dereva amelala ana ujuzi, na ana bahati kwamba hajaua mtu, lakini kwenye karatasi hana hata siku moja ya E.

Wapo vishoka watakaokuambia miaka inarukwa kwa pesa kidogo. Naomba sana usikubali. Breki za basi lenye watu 60 kwenye mteremko wa Kitonga hazijui ulilipa shilingi ngapi. Dereva anayeshuka pale anatakiwa awe ameshajua, kwa mwili wake, jinsi gari zito linavyosukumwa na uzito wake lenyewe, jinsi ya kuingia gia ndogo kabla ya mteremko kuanza na kuacha injini ishike mwendo badala ya kukanyaga breki mpaka zinuke. Hilo hujifunzi kwenye IST. Miaka mitatu kati ya daraja na daraja imewekwa kwa ajili ya ujuzi huo.

Hatua ya tano: kuongeza daraja

Anza na mafunzo. Kwa daraja la mwanzo nenda shule ya udereva iliyosajiliwa, uondoke na cheti chake. Kwa magari ya abiria na magari mazito tafuta kozi ya VETA au ya Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, pale Mabibo. Waajiri wanauliza cheti hicho kabla hata ya kuangalia umri wako. Pima na macho mapema. Ukigundua unahitaji miwani, bora ujue kabla ya mtihani.

Kisha ni polisi wa usalama barabarani kwa mtihani, wa maswali na wa barabarani. Nenda na gari la daraja unaloomba. Ukifaulu unapata cheti cha umahiri, na ndicho kinachobeba daraja jipya. Kisome hapohapo dirishani. Kama uliomba A na C2 na kimeandikwa C2 tu, sema palepale.

Mwisho ni TRA. Beba kitambulisho cha NIDA na namba yako ya TIN. Watakuchukua picha, alama za vidole na saini, watakupa namba ya malipo, utalipa. Tangu 2019 leseni inadumu miaka mitano kwa shilingi 70,000, badala ya miaka mitatu kwa shilingi 40,000 ya zamani. Usimpe mtu pesa mkononi, malipo yote yanapita kwenye ile namba.

Kadi ikitoka, au ukihuisha ya zamani, isome herufi kwa herufi ukiwa bado ofisini. Hakikisha madaraja ya zamani yapo pamoja na jipya. Daraja lililosahaulika kwenye kadi ni wewe utakayelifuatilia, na pengine utaligundua siku trafiki amekusimamisha Chalinze saa tisa usiku.

Kwa abiria kuna mlango mmoja zaidi. LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini iliyoanzishwa kwa sheria ya 2019, huwapima na kuwathibitisha madereva wa magari ya biashara, na kwenye mabasi ya mikoani dereva anajitambulisha kwenye mfumo wa gari kwa kitufe chake cha kielektroniki kabla ya safari. Usichanganye na leseni ya usafirishaji ambayo LATRA humpa mwenye gari. Ile ni ya gari na njia yake, wewe bado unahitaji daraja lako.

Kwa mwenye gari anayekabidhi ufunguo

Ndugu yangu, wewe ndiye unayebaki na hasara. Mikataba ya bima huandikwa kwamba anayeendesha awe na leseni inayomruhusu gari lile. Ukimpa kijana wa D Kosta yako "aipeleke gereji tu" na akapakia abiria njiani, ikitokea ajali kampuni ya bima itaomba leseni yake kabla ya kitu kingine chochote. Unaweza kukataliwa kutengenezewa gari, na fedha atakazolipwa aliyeumia zikaja kudaiwa kwako.

Kwa hiyo usiridhike na kivuli cha leseni kwenye simu. Shika kadi, linganisha picha na uso, angalia tarehe ya mwisho, soma madaraja, kisha hakiki namba ya leseni kwenye mfumo wa TRA. Angalia pia kwenye mfumo wa polisi kama leseni ile ina deni la faini. Dakika kumi zinatosha. Mimi hufanya hivyo hata kwa mtoto wa dada yangu, na ananielewa.

Ukivuka mpaka, herufi zinabadilika maana

Hili limewapotezea kazi watu ninaowafahamu. Kwetu C ni abiria na E ni lori. Kwa majirani zetu Kenya, kwenye madaraja mapya ya NTSA, mamlaka yao ya usalama barabarani, C ni malori na D ni magari ya abiria, na B1 ni gari dogo la gia za otomatiki, mgawanyo ambao kwetu haupo. Ulaya nako C ni lori na D ni basi. Kibali cha kimataifa cha udereva, ambacho hapa hutolewa na Chama cha Magari Tanzania, AAT, kinafuata maana hizohizo za nje: B ni gari lisilozidi kilo 3,500 lenye viti visivyozidi vinane ukiacha cha dereva, C ni gari la mizigo linalozidi kilo 3,500, D ni la zaidi ya viti vinane, E ni tela.

Sasa fikiria dereva wetu wa basi anaomba kazi nje, anaandika "nina C". Anayesoma anaelewa ni mtu wa lori. Dereva wetu wa lori anaandika "nina D na E", wanadhani ni wa basi lenye tela. Kwenye barua ya kuomba kazi usiandike herufi tupu. Andika gari: basi la abiria zaidi ya 30, au lori na semitrela, na miaka uliyoendesha. Herufi ifuate baadaye.

Yule kijana wa bahasha ya kaki hatukumwacha hivihivi. Wiki iliyofuata alianza kufuatilia D, na alipoipata tukampa kirikuu cha kusambaza vipuri, Kariakoo mpaka Mbezi. Tarehe iliyo kwenye cheti chake cha D ameiandika kwa kalamu ya wino mwekundu nyuma ya mlango wa chumba cha madereva, na chini yake tarehe nyingine, miaka mitatu mbele. Kila asubuhi akija kuchukua ufunguo, anaipitia.